Pumwani, Mtaa Mkongwe wa Nairobi

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, Waafrika waliofuata kazi walijijengea vijiji vyao wenyewe, kama vile Pangani, Maskini na Mombasa. Katika miaka ya 1920 watu wa vijiji hivyo walianza kuhamishiwa Pumwani, mtaa rasmi wa Waafrika upande wa mashariki ya mji.

Baraza la Mji lilitoa viwanja, na mwenyeji akajenga kwa fedha yake nyumba ya miti na udongo, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Alikaa chumba kimoja, vingine akawapangisha wageni wa kila kabila. Miongoni mwa wenye nyumba hao walikuwamo wanawake wengi. Kiswahili kikawa lugha ya wote, na sehemu hiyo huitwa Majengo mpaka leo.

Lakini kiwanja kilibaki mali ya Baraza. Hatari yake ilionekana Pangani, kijiji kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Wenye nyumba wengi walipelekwa Shauri Moyo, katika nyumba za Baraza, wasiweze tena kuwarithisha watoto wao walichokijenga. Ajengaye juu ya ardhi ya mwingine hana budi kukumbuka Pangani.