Chama kisichouza kitu: kazi ya wataalamu wa ekolojia

Wandugu wa koperative, kazi yenu inaonekana: munapima kahawa, munatafuta mnunuzi, munagawa makuta. Chama cha wataalamu wa ekolojia hakiuzi kitu. Wanachama wake wanachunguza namna udongo, maji, mimea, wadudu na watu wanavyotegemeana fasi moja. Sasa chama cha namna hiyo kinasaidia nini? Tuangalie kimoja cha zamani, kile cha Marekani.

Kilianzishwa mwezi wa kumi na mbili 1915, mjini Columbus, jimbo la Ohio. Prezida wa kwanza alikuwa Victor Shelford, mtaalamu wa wanyama. Tangu 1920 chama kiko na jarida lake, Ecology. Leo, mtu akileta andiko, wataalamu wengine wanapewa walisome kwanza na kutafuta makosa ndani yake. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi kubwa ya chama.

Mfano wa kwetu. Mtu anakuja anasema: kateni kalitusi zote karibu na chemchemi, zinakausha maji. Wengine kati yenu wanaishi juu ya makala na mbao za miti ile. Wengine wanachota maji pale. Ni kweli kalitusi inakunywa maji mengi. Lakini umri wa miti, umbali wake na maji, mvua ya mwaka ule, yote inabadilisha jibu. Wenzake wangemuuliza: ulipima chemchemi ngapi? Ulipima kiangazi na masika, miaka mingapi? Na chemchemi zisizo na kalitusi, zenyewe zilikuwa namna gani? Akikosa jibu, andiko linamrudilia. Maswali hayo hata ninyi munaweza kuyauliza, bila diploma.

Chama kile kilipata pia ugomvi. Mwaka 1917 kilikuwa kimeunda komite ya kulinda fasi za asili, Shelford akiwa mbele. Mwaka 1926 komite ikatoa kitabu kikubwa cha kuonyesha fasi hizo. Ila Shelford na wenzake walitaka pia kusukuma serkali na wabunge. Wengine wakakataa: kazi ya chama ni kuchunguza, si kupiga siasa. Miaka ya 1945 na 1946 mlango ukafungwa. Basi mwaka 1946 kundi la Shelford likaunda umoja wake, na mwaka 1950 umoja huo ukachukua jina la The Nature Conservancy. Mwaka 1955 ukanunua udongo wake wa kwanza, hekta 24 hivi, kando ya mto Mianus, New York. Chama cha zamani kikaendelea na jarida na mikutano. Baadaye nacho kikarudi pole pole kuwapa wabunge maelezo.

Naona waliokataa walikuwa na haki nusu. Mwenye kushika mizani asiwe tena mwenye kudai bei. Ninyi wa kahawa munajua sababu. Ila wote wawili wanahitajiwa, na mwenye mizani hawezi kuficha kilo. Hapo ndipo vyama hivi viko na kilema: wanaandikiana wao kwa wao, kwa Kiingereza kigumu. Mkulima ambaye udongo wake ulibebwa ndani ya kifuko haoni matokeo.

Kwa hiyo, mtafiti akikuja na daftari, komite ya koperative iandike kabla hajaingia shambani: nani amemtuma, atapima nini na fasi gani, nani atasoma kazi yake kabla ya kuchapwa, na tarehe gani atarudi kueleza kwa Kiswahili. Asaini. Kopi moja ibaki na sekretere, juu mtafiti anaweza kuhamishwa, na mwengine atakuja mwaka kesho kuuliza mambo yale yale.