Je, Wajua? Saspensheni ya Gari Hutengenezwa Hata Getini

Saspensheni ni vyote vinavyounganisha magurudumu na bodi ya gari: springi, shoki, mikono ya chuma inayoshika gurudumu, bushi za mpira kwenye maungio, boljointi, na linki za ule ufito unaozuia gari kulala upande linapokata kona. Springi hubeba uzito na kumeza pigo la shimo. Shoki ina kazi nyingine, nayo ni kuituliza springi isiendelee kudunda. Ndani yake mna pistoni inayoyalazimisha mafuta kupenya vitundu vidogo, na nguvu ya mdundo hugeuka joto. Ndiyo sababu shoki iliyotoka kwenye barabara mbovu huwa na joto ukiigusa.

Vitz, Fielder, Axio na Premio, magari yaliyojaa katika nyua za mtaa wa Kahawa Sukari, yote hutumia mbele mtindo uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940, ambao Ford iliutia katika gari lake aina ya Consul la mwaka 1950. Springi huvishwa juu ya shoki, na viwili hivyo huwa nguzo moja. Juu, nguzo hiyo hushikwa na nati tatu chini ya boneti. Chini, hushikwa na bolti mbili nene karibu na gurudumu. Fundi huitoa nzima bila kugusa injini. Hapo ndipo inapotoka biashara ya fundi wa kuja nyumbani: kazi kubwa ya saspensheni ni kufungua na kufunga bolti, na vifaa vyake vyote huenea katika buti la gari kama Probox.

Kazi haikosi. Kahawa Sukari iko Kaunti ya Kiambu, kando ya barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Barabara kuu yenyewe haiui gari sana. Kinachoua ni kilomita chache za mwisho: matuta yasiyo na rangi, kabro zilizotitia, na lami iliyomegeka pembeni. Kwa kuwa Kenya magari hupita kushoto, gurudumu la kushoto ndilo linalokanyaga pembe hizo. Kuelekea Ruiru na Juja kuna udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na barabara iliyojengwa juu yake bila kuuondoa haikai sawa. Kisha kuna umri. Kanuni ya Kenya ya ukaguzi wa magari, KS 1515, hukataza kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8, na wengi hununua lililokaribia ukomo huo. Mpira huzeeka hata gari likiegeshwa tu. Bushi huwasili Mombasa zikiwa tayari zimeanza kupasuka.

Fundi mzuri hutambulika kabla hajatoa spana. Kwanza huomba gari liendeshwe polepole juu ya matuta ya mtaa huku akisikiliza. Mlio mwepesi wa ko-ko-ko kwenye vishimo vidogo mara nyingi ni linki, ambazo ndizo spea rahisi kuliko zote. Mgoto mzito wakati wa kufunga breki huelekeza kwenye bushi za mkono wa chini. Kisha hukandamiza kona ya gari kwa uzito wake wote na kuachia: likipanda na kutulia, shoki iko hai, likiendelea kunesa, imekufa. Mafuta yaliyoloanisha mwili wa shoki na kushika vumbi ni ushahidi wa kutosha. Mwisho huinua gurudumu na kulitikisa. Likicheza likishikwa juu na chini, hushukiwa boljointi au beringi. Likicheza likishikwa kushoto na kulia, hushukiwa tairodi, yaani chuma kinachounganisha usukani na gurudumu. Mteja anayeambiwa abadilishe shoki zote nne kabla ya vipimo hivi anauziwa spea, hatengenezewi gari.

Spea huagizwa kwa simu kutoka Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, baada ya kutuma picha ya namba ya chesisi. Shoki hubadilishwa mbilimbili, kushoto na kulia, la sivyo gari huyumba likifunga breki. Bushi na boljointi za mtumba hazifai, kwani mpira wake umezeeka sawa na ule unaotolewa.

Hatari kuu mbili zinahitaji kusemwa wazi. Jeki ya kubadilishia tairi haitoshi kumlinda mtu anayeingia chini ya gari. Lazima kuwe na stendi za chuma, sakafu ngumu na mawe nyuma ya magurudumu. Ya pili ni nati ya katikati juu ya nguzo. Haifunguliwi kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake, kwa sababu springi iliyojikunja huweza kuruka na kuvunja taya. Fundi anayeibana kwa kamba au waya afukuzwe papo hapo.

Kuna jambo dogo ambalo hata mafundi wa miaka mingi hulikosea. Bolti inayopita katika bushi ya mkono wa chini hulegezwa na kurudishwa gari likiwa juu, lakini hukazwa kwa mara ya mwisho gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Ikikazwa gurudumu likining'inia, mpira hubaki umejipinda kila gari linaposhuka, na bushi mpya huchanika mapema sana. Lawama huenda kwa spea feki.

Si kila kitu humalizikia getini. Bushi nyingi husukumwa ndani ya mkono kwa mashine ya presi, kwa hiyo mkono hufunguliwa na kupelekwa karakana, au hununuliwa mzima. Vilevile, baada ya kubadilisha nguzo au tairodi, pembe za magurudumu husogea. Fundi hodari huhesabu nyuzi za tairodi ya zamani ili mpya ikae karibu na pale pale, lakini hilo hutosha kulifikisha gari kwenye mashine ya alaimenti tu. Linapaswa kupelekwa huko ndani ya siku chache. Likiachwa, tairi mpya huliwa upande mmoja.