Watoto wetu na Ziwa Kivu: waogelee kwa furaha, warudi nyumbani wazima

Likizo kubwa ya mwezi wa saba na wa nane inapofika, ufuko wa Ziwa Kivu unajaa watoto. Kule Goma, Minova, Kalehe, Idjwi na Bukavu, wengine wanakuja kuchota maji kwa bidoni, wengine wanawasindikiza mama zao kufua nguo, na wengine wanataka kuoga na kucheza tu. Furaha hiyo ni ya halali, na hatupendi kuwanyima. Lakini wengi wanaingia majini bila kufundishwa na mtu yeyote, na bila mkubwa anayewaangalia.

Kulingana na Shirika la Afya Duniani (OMS), mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote. Karibu robo yao walikuwa watoto wasiofikisha miaka 5, na zaidi ya vifo tisa katika kila kumi vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Kwa sababu hiyo Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 25 mwezi wa saba kuwa siku ya dunia ya kuzuia vifo vya maji. Kwetu siku hiyo inaangukia katikati ya likizo, wakati ambapo jamaa nyingi ziko ufukoni.

Mtoto anazama kimya

Wazazi wengi wanadhani kwamba mtoto akizama atapiga kelele na kurusha mikono, nao watasikia. Mara nyingi haiwi hivyo. Mtoto anayetafuta hewa hana pumzi ya kupiga kelele. Kichwa kinarudi nyuma, mdomo unaingia na kutoka majini, na baada ya muda mfupi sana anatoweka. Watu walioko mita chache tu wanaweza wasitambue kitu.

Kwa mtoto mdogo hata maji kidogo yanatosha kuua. Yule anayeanza kutambaa au kutembea ana kichwa kizito. Akiinamia beseni au ndoo, anaweza kutumbukia na kushindwa kujiinua. Basi usalama unaanza nyumbani: tumwage maji ya beseni tukimaliza kufua, tufunike pipa na tangi, na tuzungushie kisima uzio. Jamaa yenye pisini iweke uzio pande zote nne, na mlango ambao mtoto hawezi kuufungua mwenyewe.

Mkubwa mmoja, kazi moja

Pale ambapo wakubwa ni wengi, kila mmoja anafikiri mwenzake anaangalia, na mwishowe hakuna anayeangalia. Tunashauri kazi hiyo apewe mtu mmoja kwa kutajwa jina. Huyo hafui, hapigi simu, hanywi pombe. Akichoka, anamwambia mwingine waziwazi: "Sasa ni zamu yako." Mtoto wa chini ya miaka 5 asiwe mbali kuliko urefu wa mkono wa mkubwa huyo. Kaka au dada wa miaka 8 hawezi kubeba jukumu hilo, hata kama ana akili nyingi; yeye pia ni mtoto.

Kumfundisha hatua kwa hatua

Mtoto mdogo anaweza kuzoea maji mapema akiwa mikononi mwa mzazi. Lakini mafunzo yenyewe ya kuogelea na ya kujiokoa yanafaa zaidi kuanzia umri wa miaka 6 hivi. Tuchague mahali ambapo maji hayapiti kifua cha mtoto, pasipo mawimbi, na mwalimu asimame upande wa kilindini.

Kwanza apulize mapovu majini, ili asiogope maji usoni. Kisha ajifunze kulala chali juu ya maji, mkono wa mkubwa ukiwa chini ya mgongo wake, na mkono huo uondolewe polepole. Hiyo ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote, maana anayejua kulala chali anaweza kupumua akingoja msaada. Baadaye apige miguu, ajigeuze kutoka tumbo hadi mgongo, na arudi mwenyewe hadi penye kushikilia. Tusimtupe majini kwa nguvu "ili azoee": atajifunza hofu tu. Akianza kutetemeka, somo limekwisha kwa siku hiyo.

Bidoni tupu na mpira wa ndani wa gurudumu vinaelea, lakini vinaponyoka au kutoboka. Tusimwache mtoto kilindini kwa kuvitegemea. Na katika mtumbwi au mashua, kila mtoto avae jaketi la kuokoa linalolingana na mwili wake, nalo lifungwe kabla ya kutoka bandarini.

Hatari za ziwa letu

Ziwa Kivu linashuka ghafula. Mahali pengi hatua mbili au tatu kutoka kwenye mawe zinatosha kumfikisha mtoto pasipo na chini. Kule Goma mawe ya volkeno ni makali na yanateleza. Upepo nao unaweza kuamka kwa dakika chache. Ziwa likianza kuchafuka, wote watoke.

Kuna hatari nyingine ambayo wageni hawaijui: mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini katika eneo la volkeno, hasa magharibi ya Goma kuelekea Sake. Haionekani. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajikusanya mashimoni, mabondeni na katika sehemu za chini za ufuko, hasa usiku na asubuhi wakati hakuna upepo. Mtoto, kwa kuwa ni mfupi, anaivuta kabla ya mkubwa aliyesimama karibu naye. Mkiona ndege, mijusi au wadudu waliokufa mahali pa chini, ondokeni haraka. Tuwaulize wenyeji kabla ya kuchagua mahali pa kuoga. Na mtu akianguka shimoni, anayemfuata bila kufikiri anaweza kulala kando yake.

Ajali ikitokea

Usijitupe majini kama hukufundishwa kuokoa. Anayezama humshika mwokoaji na kumvuta chini. Ita watu. Mtupie bidoni tupu iliyofungwa kifuniko, kamba, au mnyooshee fimbo au kitenge kilichosokotwa, wewe ukiwa umelala chini ufukoni.

Akitolewa, mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu na uangalie kama anapumua. Kama hapumui, mpulizie hewa mara 5, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 na kupuliza mara 2, ukirudia bila kuacha mpaka apumue au mhudumu wa afya afike. Usimning'inize kichwa chini, wala usimbonyeze tumbo ili maji yatoke: unapoteza dakika ambazo ubongo wake unahitaji hewa. Akipumua, mlaze ubavu na umfunike. Hata akionekana mzima, afikishwe kituo cha afya, maana mapafu yanaweza kuleta shida saa chache baadaye.

Tunachoweza kufanya pamoja

Parokia zetu zina walimu wa Shule ya Jumapili, vikundi vya wamama na vijana wengi wanaojua ziwa tangu utoto. Tunaomba kila parokia ya ufukoni, kabla ya likizo, iwaalike wauguzi wa kituo cha afya waonyeshe huduma hiyo ya kwanza, nao wavuvi waseme ni wapi panafaa na ni wapi pa kuepuka. Kamba ndefu na bidoni mbili tupu zikiachwa penye watoto wanaoogea, hazigharimu kitu kikubwa. Na watoto wanapokwenda na kwaya au Shule ya Jumapili, wahesabiwe kabla ya kuingia majini, wahesabiwe tena wakitoka.