Ndoo ya Mama na Maneno ya Jukwaani

Nani kati yenu ameshajitwika ndoo ya lita 20 iliyojaa pomoni? Maji hayo yana uzito wa kilo 20, na hapo ndoo yenyewe hujaihesabu. Kwanza unasokota ngata kwa kipande cha khanga kuukuu, unaiweka utosini, mwenzako anakusaidia kunyanyua, na papo hapo shingo inakaza kama kamba. Juu ya maji unaweka kijitawi chenye majani ili yasicheze. Hata hivyo hatua za kwanza lazima yakumwagikie usoni.

Mimi nimekulia kijijini, mkoani Dodoma. Kiangazi kikikolea, maji tuliyatafuta kwenye mchanga wa korongo. Mama alituamsha jogoo la kwanza. Tulifukua kwa mikono mpaka mchanga ukaanza kuwa na unyevu, tukakaa kimya kusubiri maji yajikusanye, kisha tukayachota kwa kopo, kidogo kidogo, huku tukichunga tusiyatibue. Ndoo moja ilitosha kumaliza usingizi wote wa mtoto.

Habari ninayowasimulia leo ni ya ndoo hiyo, na ya watu walioahidi kuitua.

Mwaka 1971, Tanzania Bara ikiwa bado haijatimiza miaka 10 ya uhuru, serikali ilianzisha mpango wa maji vijijini wa miaka 20. Lengo lake lilikuwa kwamba ikifika 1991, kila kaya iwe inapata maji safi ndani ya mita 400. Mita 400 ni mzunguko mmoja wa uwanja wa riadha. Mtoto anaimaliza safari hiyo bila kutoka jasho.

Mwaka 1991 ulifika, ukapita, na sisi tulikuwa bado korongoni. Sehemu nyingine pampu zilifungwa kweli, lakini dizeli ilikosekana, vipuri vikakosekana, na wanakijiji hawakuwa wameshirikishwa tangu mwanzo, kwa hiyo chombo kikiharibika hakuna aliyejiona kuwa ndiye mwenye chombo. Serikali ilipotoa Sera ya Taifa ya Maji mwaka 2002, ilikiri kwa maandishi kwamba ni kama nusu tu ya watu wa vijijini waliokuwa na maji ya uhakika. Zile mita 400 zikaandikwa upya, na safari hii ikaongezwa kwamba kituo kimoja cha maji kihudumie watu 250.

Mnaweza kushangaa nikisema kwamba ahadi ile ya 1971 naiheshimu. Haikutimia, lakini ilikuwa na mita na ilikuwa na mwaka. Mtu yeyote mwenye kamba ya kupimia na kalenda angeweza kusimama akasema: hamjafika. Ahadi za siku hizi nyingi hazikupi pa kuzishikia.

Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama hivyo ukafanyika 1995. Wazee wetu walifurahi. Walisema sasa wagombea watashindana, na wakishindana maji yatakuja. Kushindana walishindana, ila kwa kusema.

Kuna uchaguzi mmoja sitausahau. Wiki chache kabla ya kupiga kura, lori lilishusha mabomba ya plastiki, meusi, marefu, kando ya uwanja wa shule. Mgombea aliyapandia akahutubia. Akina mama walipiga vigelegele, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Kwa siku kadhaa tuliyachezea mabomba yale. Mmoja anaita upande huu, mwingine anasikiliza upande ule, na mbuzi walijilaza kwenye kivuli chake. Kura zikapigwa, mgombea akashinda. Haukupita mwezi, lori likarudi likayapakia. Hakuna aliyetueleza yanakwenda wapi. Kwenye majani palibaki alama nyeupe ndefu pale yalipokuwa yamelala, na mama alipita kando yake asubuhi ile na ndoo yake kichwani, hakusema neno. Sijasahau ule ukimya wake.

Ndipo nilipoanza kuyasikiliza maneno ya jukwaani kwa sikio jingine. Tutahakikisha. Tutaboresha. Tupo mbioni. Mchakato unaendelea. Yasikilizeni vizuri: ni lini? Ni wapi? Ni kiasi gani? Hayasemi. Chukueni neno “upembuzi yakinifu”. Ni neno zuri kabisa. Kupembua ni ile kazi ya bibi na ungo wake, kutenga punje na makapi. Mhandisi anapopima maji yako kina gani chini ya ardhi, ni mengi kiasi gani, na kisima kitagharimu shilingi ngapi, hiyo ni kazi ya lazima. Lakini kisima kilekile kikifanyiwa upembuzi yakinifu chaguzi tatu mfululizo, neno limegeuzwa pazia.

Hata neno takrima liliwahi kutendewa hivyo. Takrima ni ukarimu, ni kumpa mgeni maji ya kunywa kabla hujamuuliza shida yake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu wagombea kutoa “takrima” wakati wa kampeni, na chini ya jina hilo pilau na fulana zikapita. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba. Nilifurahi kwa ajili ya demokrasia, na nilifurahi pia kwa ajili ya lile neno.

Mmesikia pia msemo wa “kumtua mama ndoo kichwani”. Umetawala majukwaa yetu kwa miaka mingi sasa. Kila nikiusikia naiona shingo ya mama yangu. Ni msemo wenye huruma, na viko vijiji ambako ndoo imetuliwa kweli. Nimefika kwenye vilula vyao nikanywa. Ninachokiomba ni kwamba anayeutamka ajue uzito wa ndoo anayoitaja.

Na nisiwadanganye kwamba hakuna ahadi inayotimizwa. Mwaka 2015 wananchi waliahidiwa elimu bila ada hadi kidato cha nne, na Januari 2016 ikaanza. Madarasa yalifurika, walimu walielemewa, hayo ni kweli, lakini ada iliondoka. Ahadi ile ilikuwa na mwisho unaojulikana, kidato cha nne, na mzazi yeyote angeweza kuihakiki kwenye geti la shule: ama unadaiwa ada, ama hudaiwi.

Mwaka jana nilirudi kijijini nikakuta mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria, mkutano huu hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Mgeni wa siku hiyo alizungumza karibu saa nzima kuhusu mradi wa maji. Nyuma yangu alisimama binti wa darasa la sita, sare yake imelowa begani, ndoo iko miguuni. Kwa umri wake hakuwa mjumbe. Akamwinamia bibi yake akamnong’oneza.

Bibi akanyoosha mkono. “Mwanangu, tumekusikia, na Mungu akubariki kwa kuja. Mjukuu wangu anauliza: mtaro utachimbwa mwezi gani, na kilula kitakaa wapi?”

Mgeni alipekua karatasi zake. Watu walisubiri. Mwishowe alitaja mwezi, akaonyesha kwa kidole mwembe ulio karibu na zahanati.

“Naomba mtendaji aandike kwenye muhtasari,” bibi akasema, na hakuketi mpaka alipomwona mtendaji ameinama kuandika.

Mwezi huo haujafika bado. Ukifika, nitapanda basi niende nikauangalie ule mwembe.