Fahamu: Kwa nini Chuo Kikuu cha Maryland kilishindwa mahakamani?

Kwa wakazi wa Temple Hills, kesi hii ni ya nyumbani: chuo hicho kiko College Park, kaunti ileile ya Prince George's. Mwaka 2024 kilifuta kibali cha wanafunzi kukusanyika tarehe 7 Oktoba kuwaombolezea waliouawa Gaza, kikaruhusu hafla zake chenyewe tu siku hiyo. Wanafunzi wakashtaki. Jaji Peter Messitte akaamuru hafla yao ifanyike, na alifanya haki: chuo cha umma ni mkono wa serikali, na Katiba ya Marekani hairuhusu serikali kumziba mtu mdomo eti maneno yake yanaudhi. Vyuo binafsi, kama Georgetown, havibanwi na katazo hilo. Mwaka 2025 kesi ikamalizwa kwa maafikiano ya dola 100,000.