Bobini Inayokaribia Kufaa: Vipuri vya Cherehani Katika Soko la Toi

Mteja wa Soko la Toi hulipia nguo moja mara mbili. Anampa mwenye kibanda pesa yake, kisha anasogea kwa fundi aliye hatua chache mbele ili suruali ibanwe, pindo likatwe au zipu ibadilishwe. Mitumba ilishonwa kwa vipimo vya miili ya watu wengine, na bila cherehani nguo nyingi zingebaki zikining'inia. Mwaka 2019 Kenya iliagiza tani zipatazo 185,000 za nguo hizo. Hakuna anayehesabu ni ngapi kati yake zilipita kwa mafundi wa Toi, pembezoni mwa Kibera, au kwa wenzao wa Kawangware, lakini kelele za mashine sokoni ni ushahidi tosha.

Bei ya belo la mitumba huandikwa magazetini. Ushuru wake hujadiliwa bungeni. Kinachosahaulika ni kipande cha chuma kinachotosha kwenye kiganja cha mtoto, ambacho kikigoma saa nne asubuhi, fundi hana siku: bobini inayobeba uzi wa chini, pamoja na kikasha chake.

Cherehani nyingi za kukanyaga zinazotumika Afrika Mashariki, iwe ni Butterfly ya Shanghai au chapa nyingine za China na India, zina babu mmoja. Babu huyo ni Singer 15, muundo wa mwishoni mwa karne ya 19 ambao kampuni ya Singer iliutengeneza kwa miongo mingi, ikiwemo katika kiwanda chake kikubwa cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Japani viliuchukua muundo huo, vikauita HA-1 na kukubaliana vipimo, ili kipuri cha kiwanda kimoja kiingie kwenye mashine ya kiwanda kingine. Wachina nao wakapita njia hiyohiyo. Historia yote hiyo imechapishwa kwenye pakiti ya sindano, ingawa ni wachache wanaoisoma: 15x1 ni jina la Singer, HAx1 ni la Wajapani, 130/705 ni la Wajerumani, na sindano ni ileile.

Hakuna sheria ya Kenya iliyoagiza hivyo. Hataza zilikwisha muda, waigaji wakawa wengi kuliko mwenyewe, na muundo mmoja ukabaki uwanjani. Kwa mwenye duka la vipuri maana yake ni mtaji mdogo: aina moja ya bobini, aina moja ya kikasha na sindano za saizi tatu au nne zinawatosha wateja wa chapa zote. Kwa fundi maana yake ni kwamba jirani ndiye stoo yake. Bobini ikipotea, anaazima kibanda cha pili na kazi inaendelea.

Hasara huanzia kwenye kipuri kinachokaribia kufaa. Singer ilikuwa pia na muundo wa 66, ambao bobini yake ina kipenyo kinachokaribia kile cha bobini ya 15, milimita 20 hivi, ila kimo chake ni pungufu kidogo na nyuso zake zimebinuka. Zikichanganywa kwenye mkebe mmoja, jicho lenye haraka halizitofautishi. Ya 66 ikitiwa kwenye kikasha cha 15 inaingia, inazunguka, hata inashona. Kisha inaanza kuchezacheza, uzi wa chini unakazwa na kulegea, na upande wa pili wa kitambaa unajaa mafundo. Fundi atalaumu uzi, atabadilisha sindano, atakaza skrubu ya juu, na kufikia hapo mteja ameshaondoka na suruali yake. Kipuri kisichoingia kabisa kingemgharimu dakika moja tu.

Watengeneza bunduki wamepiga hesabu hiyohiyo. Risasi ya .300 Blackout, iliyokubaliwa rasmi Marekani mwaka 2011, ilibuniwa makusudi itumie magazini ileile ya risasi ya 5.56, hivi kwamba mwenye bunduki abadilishe mtutu tu. Risasi ya 7.62x39 ya Kalashnikov haikubali ukarimu huo. Ganda lake limechongoka, hivyo magazini yake hupinda, na risasi hiyo ikisukumwa kwenye bunduki iliyobuniwa kwa magazini iliyonyooka zaidi, kukwama ni jambo la kutarajiwa. Lakini kufanana kwa .300 na 5.56 nako kuna bei: risasi ya .300 ikiingizwa kimakosa kwenye bunduki ya 5.56 inaweza kuipasua. Huko Toi, kosa la namna hiyo huishia kwenye mshono uliojikunja.

Mambo yamezidi kuwa magumu kadiri mashine za viwandani zinavyoshuka hadi vibandani. Juki DDL-8700 inaweza kushona mishono 5,500 kwa dakika, kasi ambayo hakuna mguu unaoifikia kwa kukanyaga. Lakini aliyeinunua amehama ukoo. Bobini yake ni nyingine, na sindano yake, DBx1, ina shina la mviringo lenye unene wa milimita 1.6 hivi, wakati ile ya nyumbani ina milimita 2 na ubavu mmoja bapa. Isitoshe, ziko mashine za viwandani zinazotumia DPx5, sindano yenye urefu uleule wa DBx1 kutoka kitakoni hadi tunduni, ila shina lake ni nene. Ile nyembamba huingia kwenye nafasi ya ile nene na skrubu huibana, lakini inakaa upande. Ndoano inayochukua uzi hupita karibu mno na sindano, kwa nafasi ya unywele, kwa hiyo kuegemea kidogo tu kunatosha mashine kuruka mishono, au ncha kuvunjika.

Jinzi ndiyo mtihani mkubwa. Mahali pindo linapokutana na mshono wa pembeni, tabaka za kitambaa hurundikana, na sindano namba 90, iliyo na unene wa milimita 0.9, hupinda. Inafaa namba 100 au 110, na uzi mzito. Uzi huo ukijazwa kwenye bobini, springi ya kikasha inabidi ilegezwe. Mafundi hupima kwa kuning'iniza kikasha kwenye uzi wake na kuutikisa kidogo: kikishuka taratibu, sawa, kikiporomoka, kimelegea, kisiposhuka, kimekazwa mno. Vikasha vya bei rahisi hufeli jaribio hili mapema, kwa sababu springi yake ni laini na kingo zake zina vinyweleo vya chuma vinavyokata uzi. Kununua kimoja kizuri ni nafuu kuliko vitatu vya ovyo, ingawa ni rahisi kulisema hilo kwa mtu asiyeishi kwa mapato ya siku.

Toi ina sababu nyingine ya kuthamini vipuri vinavyoingiliana. Soko hili liliteketea katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, likaungua tena mwaka 2019, na Juni 2024 moto ukaua watu. Kila mara mafundi hurudi na mashine yoyote iliyopatikana, ya kuazima au ya mkopo wa chama, na ukoo wa Singer 15 ndio uliowaruhusu kuanza bila kusaka vipuri upya. Vilivyookotwa kwenye majivu ni suala jingine: mwili wa chuma husafishika, lakini springi iliyopitia moto mkali hupoteza ukakamavu wake na haikazi uzi tena.

Umeme nao unaamua nani anunue nini. Unapokatika Kibera, Juki inalala na Butterfly ya kukanyaga inaendelea. Ndiyo maana wenye akili ya biashara huweka zote mbili, hutenga mikebe miwili ya bobini yenye rangi tofauti, na kazi ya ovaloki, ambayo mashine yake inataka sindano za aina nyingine kabisa, humpelekea jirani kwa malipo ya kila kipande.