NDEGE ILIYOANGUKA RUFIJI MWAKA 1915 NA NAMNA HATIMA YAKE INAVYOCHUNGUZWA

Mkazi wa delta ya Rufiji akikuta chuma cha kale kwenye matope ya mikoko, swali la kwanza aghalabu huwa ni bei yake kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Hata hivyo, kipande hicho kinaweza kuwa ushahidi pekee uliobaki wa chombo ambacho historia yake haijafungwa.

Tarehe 11 Julai 1915, meli mbili za kivita za Uingereza, Severn na Mersey, ziliingia delta kwa mlango wa Kikunja kuishambulia manowari ya Kijerumani Königsberg. Manowari hiyo ilikuwa imejificha huko baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, Septemba 1914. Wapiga mizinga hawakuweza kuiona shabaha yao kwa sababu ya misitu. Ndege kutoka kisiwa cha Mafia ndiyo iliyowaonesha mahali makombora yalipoangukia.

Ndani ya ndege hiyo, aina ya Henri Farman, walikuwamo rubani John Cull na mwangalizi Harwood Arnold. Ilipopigwa ikaanza kushuka, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha kwa redio hadi ilipotua mtoni karibu na Mersey. Wote wawili waliokolewa. Königsberg iliangamia siku hiyo hiyo.

Uchunguzi wa ndege kama hii huanzia kwenye karatasi. Meli za kivita huandika katika daftari la safari saa na mahali zilipokuwa, na kumbukumbu za jeshi la majini la Uingereza zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, London. Pakijulikana mahali Mersey ilipokuwa, eneo la kutafutwa hupungua sana. Ugumu ni kwamba mto hauna subira na ramani: mikondo ya delta huhama, na palipokuwa na maji mwaka 1915 leo huenda ni mikoko au shamba la mpunga.

Hatua inayofuata ni kauli za wazee, nazo zinahitaji kupimwa. Kabla ya Farman, rubani wa kiraia aitwaye Cutler aliletwa kutoka Durban na ndege yake ya kutua majini, ambayo wakati fulani iliwekewa rejeta ya gari la Ford lililokuwa Mombasa. Desemba 1914 alishuka deltani kwa hitilafu ya injini, akatekwa na Wajerumani. Hivyo simulizi yenye Mzungu aliyetekwa haihusu ndege ya Cull, hata kama msimulizi anaonesha sehemu ile ile ya mto.

Mwisho ni chuma chenyewe. Mabaki ya Königsberg nayo yalikuwa mtoni kwa miongo mingi, kwa hiyo si kila chuma ni cha ndege. Bamba nene lenye ribiti kubwa ni la meli. Ndege ya Farman ilikuwa na mabomba membamba ya chuma na nyaya za kukaza mabawa, huku injini na pangaboi vikiwa nyuma ya viti. Kitambaa na mbao huoza mapema. Injini ndiyo yenye nafasi kubwa ya kudumu, na kibati chenye namba juu yake kinaweza kulinganishwa na kumbukumbu. Kibati hicho kikikatwa na kuuzwa kwa kilo, hakuna nyaraka ya London itakayofidia.

Kwa sababu hiyo, mwananchi anayekuta chuma cha namna hii anaombwa asikikate wala kukihamisha. Apige picha, aweke alama mahali hapo, kisha atoe taarifa kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata. Kitu chenye umbo la kombora au risasi kubwa kisiguswe kabisa, kwani baruti ya kale bado inaweza kulipuka; watoto waondolewe eneo hilo na polisi wajulishwe mara moja.